Kisa cha michoro ya kanga iliyogoma kufunguka: disketi tatu kutoka Magomeni

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya binti yake, mama mmoja mkazi wa Magomeni alifika katika chumba chetu cha ufundi wa kompyuta, Ilala, akiwa na bati la biskuti lililofungwa kwa kipande cha kanga. Ndani ya bati mlikuwa na disketi tatu za inchi tatu na nusu pamoja na flashi moja mpya. Baada ya kuamkiana alieleza kuwa marehemu baba yake alikuwa mchoraji wa michoro ya kanga, kwamba katika miaka ya 1990 alianza kuitia michoro yake rangi kwa kompyuta, na kwamba familia ilitaka mchoro wake mmoja uchapwe upya uwe sare ya harusi.

"Mwanangu, wenzio wameniambia haya mafaili yamekorapti, hayana dawa," alisema. "Nimekuja kwako kwa sababu roho yangu bado haijakubali."

Naandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo sisi mafundi tunalipita haraka mno. Faili la picha la zamani linapokataa kufunguka, kompyuta hutoa jibu moja fupi la kukataa, lakini nyuma ya jibu hilo huweza kuwapo sababu zisizofanana kabisa: jina la faili linadanganya, au programu za leo zimeacha kuitambua aina hiyo ya faili, au kweli sehemu ya data imepotea. Katika bati lile zilikuwamo zote tatu, na aliyeziita kwa jina moja la "kukorapti" alifunga mlango ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa umerudishiwa tu.

Hali tuliyoikuta

Flashi ilikuwa na mafaili 19, yote yakiwa na kiendelezi, yaani mwisho wa jina la faili, cha .jpg. Hilo pekee lilitosha kutia shaka, kwa kuwa michoro ya kupaka rangi ya miaka ile haikuwa kawaida kuhifadhiwa kwa JPEG, aina ambayo hufaa zaidi picha za kamera. Mama alieleza kwamba fundi wa duka alilolitembelea kwanza ndiye aliyenakili disketi kwenye flashi kwa programu ya kuokoa data, na mafaili yalipokataa kufunguka akayabadilisha majina yote, akitumaini kuwa simu na kompyuta za leo zingeyapokea. Kosa hili nimeliona mara nyingi na chanzo chake kinaeleweka: mtu akizoea kuona jina fulani likienda na picha, huamini kuwa jina ndilo linaloifanya picha. Kiendelezi ni lebo iliyobandikwa nje ya chupa. Ukibandika lebo ya asali kwenye chupa ya siki, siki haitageuka asali, na sasa hata anayejua siki ni nini atapata shida kuitafuta.

Hatukuzigusa disketi siku ya kwanza. Disketi iliyokaa zaidi ya miaka 25 katika hewa ya pwani, yenye joto, unyevu na chumvi, huweza kuota ukungu juu ya utando wake wa sumaku, na kila inapozungushwa kichwa cha kusomea huweza kuukwangua utando huo. Kitu cha namna hii husomwa mara moja, kikamilifu, baada ya kujiandaa. Kwa hiyo tulianza na nakala za kwenye flashi, na hata hizo tukazinakili tena kwenye folda ya kazi ili tusiharibu kilichopo.

Hatukuyapeleka mafaili kwenye tovuti za kubadilisha picha, ingawa ndiyo njia ambayo wengi wangeikimbilia. Mchoro wa kanga ni mali. Ukishapakiwa kwenye mashine ya mtu usiyemjua, huna tena namna ya kujua unakoishia, na mama huyu hakuwa ametuletea mchoro wa baba yake ili ukachapwe na wengine kabla ya harusi.

Baiti za mwanzo

Tulipolifungua faili la kwanza kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, ilikataa ikieleza kuwa hili si faili la JPEG kwa sababu linaanza na 0x0a 0x05. Wengi husoma nusu ya kwanza ya ujumbe huo, wakakata tamaa. Nusu ya pili ndiyo yenye jibu. Faili huundwa kwa baiti, vipande vidogo vya data, na faili la JPEG huanza na baiti FF na D8 kwa hesabu ya heksadesimali, yaani ya msingi wa 16. Baiti 0A ikifuatwa na 05 ni alama ya PCX, aina ya picha iliyobuniwa na kampuni ya Marekani ya ZSoft kwa ajili ya programu yake ya PC Paintbrush, iliyoenea sana katika enzi za DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta za zamani. Programu iliyokuwa ikikataa faili ilikuwa inatutajia jina lake halisi.

Tuliyapitisha mafaili yote kwenye programu ya kutazama baiti. Kumi na mawili yalianza na 0A 05 01. Matano yalianza na herufi RIFF, kisha baiti nne za ukubwa, kisha herufi CDR: hayo yalikuwa ya CorelDRAW ya zamani, programu ya kuchorea. Mawili yalianza na 49 49 2A 00, ambayo ni alama ya TIFF, aina iliyoanzishwa na kampuni ya Aldus mwaka 1986 na ambayo hadi leo inasomwa karibu kila mahali. Hayo mawili yaliporudishiwa kiendelezi cha .tif yalifunguka papo hapo, yakaonyesha michoro ya penseli iliyopigwa skana kwa weusi na weupe. Tuliyaweka kando kama kitu kilichokwisha, na nitaeleza baadaye kwa nini tuliyarudia.

Afadhali nionyeshe kwa karibu jinsi mwanzo wa faili la PCX unavyosomeka, kwani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Baiti 128 za kwanza ni kichwa cha faili. Faili moja lilianza hivi: 0A 05 01 08 00 00 00 00 7F 02 DF 01. Baiti ya kwanza ni alama ya PCX, ya pili ni toleo, ya tatu inasema kuwa picha imebanwa, na 08 inasema kuwa kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ina biti 8, yaani rangi hadi 256. Sufuri nne ni kona ya juu kushoto. Kisha 7F 02, ambayo husomwa kinyumenyume kuwa 027F, ni 639, na DF 01 ni 479. Kwa kuwa hesabu inaanza na sufuri, mchoro una upana wa pikseli 640 na kimo cha 480. Mtu anayeshika karatasi na kalamu anaweza kujua ukubwa wa picha ambayo kompyuta yake inasema haiijui.

Kati ya mafaili 12 ya PCX, 10 yalifunguka bila tatizo mara tu yaliporudishiwa kiendelezi cha .pcx, kwani GIMP, IrfanView, XnView na ImageMagick bado zinaisoma aina hiyo. Hapa sababu ya pili, yaani aina ya faili iliyoachwa, inahitaji maelezo mafupi. ZSoft ilinunuliwa na kampuni ya WordStar mwaka 1991 na baadaye ikamezwa katika muungano uliozaa SoftKey, na PCX ikabaki bila mwenyewe wa kuitetea. Programu za kutazamia picha zinazokuja na simu na kompyuta za leo haziihesabu. Faili kukosa msomaji katika programu hizo si dalili ya ugonjwa. Mwaka 2007, kwa mfano, sasisho la Office 2003 ya Microsoft lilizuia aina kadhaa za mafaili ya zamani, CDR ikiwamo, kwa maelezo kwamba si salama. Mwanzoni mwa 2008 Microsoft yenyewe ilikiri kuwa udhaifu haukuwa katika aina hizo za mafaili bali katika msimbo wake wa kuyasoma. Mafaili hayakuwa na kosa, na bado watumiaji waliambiwa mafaili ndiyo yenye hatari.

Mafaili matano ya CDR yalikuwa na maandishi ya ujumbe wa kanga. Matoleo mapya ya CorelDRAW hayayapokei mafaili ya matoleo ya kale sana, lakini LibreOffice Draw, ambayo tangu 2012 ina uwezo wa kusoma CDR, iliyafungua yote. Herufi zilibadilika sura kwa sababu fonti alizotumia marehemu hazikuwa kwenye kompyuta yetu, na ujumbe "WEMA HAUOZI" ukajitokeza ukiwa mpana kupita kisanduku chake. Hilo tuliliandika kwenye kumbukumbu tukaliacha, kwa kuwa sura ya herufi ingeweza kufuatishwa kutoka kwenye kanga yenyewe.

Yalibaki mafaili mawili, nayo ndiyo yenye mchoro ambao familia iliutaka.

Rangi zilizopotea

La kwanza lilikuwa mchoro wa korosho ukiwa na mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, mwekundu. La pili, kama tulivyotambua baadaye, lilikuwa mchoro uleule kwa mpangilio mwingine wa rangi. La kwanza lilifunguka likiwa la kijivu tupu katika programu moja, na programu nyingine ikalikataa kabisa. Umbo lilikuwepo lote: pindo, korosho nne za pembeni, duara la katikati. Rangi hazikuwepo. La pili lilionyesha sehemu ya juu tu, kisha likaishia hewani.

Ukubwa wa mafaili ndio ulionishtua. La kwanza lilikuwa na baiti 40,960 na la pili 20,480. Disketi huhifadhi data katika vipande viitwavyo sekta, kila kimoja kikiwa na baiti 512, na namba zile mbili ni sekta 80 kamili na sekta 40 kamili. Faili kuishia sawasawa kwenye mpaka wa sekta huweza kutokea kwa bahati. Mafaili mawili yaliyoharibika kuishia hivyo yote mawili si bahati. Nilihisi kwamba programu iliyotumika dukani ilifika kwenye sekta iliyokataa kusomeka, ikaandika ilichokwisha kupata, ikafunga faili kana kwamba kazi imekamilika. Sasa ilitubidi kuzirudia disketi.

Tulizisafisha kwa uangalifu, tukasogeza kile kitufe cha pembeni ili kitundu chake kionekane, jambo linaloizuia kompyuta kuandika chochote juu ya disketi, tukatumia kisomaji cha disketi cha USB kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, maana kukatika kwa umeme katikati ya kazi hii ni jambo ambalo hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayepaswa kulisahau. Hatukunakili faili mojamoja. Tulichukua sura nzima ya kila disketi, yaani nakala ya sekta zake zote kwa mpangilio wake, kwa programu ya ddrescue, ambayo husoma sekta nzuri zote kwanza, kisha hurudia zile ngumu mara nyingi kadiri unavyoiagiza, na mahali isipopata kitu huacha nafasi ya ukubwa uleule. Disketi ya aina hii ina sekta 2,880. Mbili zilisomeka zote. Ya tatu ilitoa sekta 2,878, na mbili zilizobaki hazikukubali hata baada ya kurudiwa usiku kucha.

Orodha ya disketi ilituonyesha majina ya asili, KOROSHO1.PCX na KOROSHO2.PCX, na ikatuambia kuwa KOROSHO1 lilipaswa kuwa na baiti 41,300. Sekta mbili mbovu zilikuwa zimeangukia moja katika kila faili. Katika KOROSHO1 iliyoharibika ilikuwa ya mwisho kabisa, nayo ilibeba baiti 340 tu za faili hilo.

Kwa nini basi baiti 340 kati ya 41,300 zifute rangi zote za mchoro? Katika PCX ya rangi 256, kila pikseli hubeba namba tu, na jedwali linaloeleza kila namba ni rangi gani limewekwa mkiani mwa faili: baiti moja ya alama, 0C, kisha baiti 768, tatu kwa kila rangi, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Msomaji hulitafuta jedwali hilo kwa kurudi nyuma baiti 769 kutoka mwisho. Mwisho ukisogezwa, programu hurudi hatua 769 na kujikuta katikati ya picha, haioni 0C pale inapoitarajia, na inahitimisha kuwa jedwali halipo. Kumbe sehemu kubwa ya jedwali ilikuwepo muda wote. Katika KOROSHO1 alama ya 0C ilikuwa kwenye baiti ya 40,531, na kutoka hapo hadi mpaka wa sekta iliyosomeka zilikuwepo baiti 429: alama yenyewe, rangi kamili 142, na baiti mbili za rangi iliyofuata, ambayo ilikuwa na nyekundu yake na kijani chake lakini imepoteza buluu.

Katika sura mpya ya disketi nafasi ya sekta iliyokufa ilikuwa imejazwa sufuri, kwa hiyo urefu wa faili ulikuwa sahihi tena. Tulipolifungua, wekundu wa mji ulirudi, na weupe, na manjano ya pindo. Lakini matumbo ya korosho na petali za duara yalikuwa meusi ti. Tulihesabu namba za rangi zilizotumika: zilikuwa 11 tu kati ya 256, kama inavyofaa kwa mchoro wa kuchapwa kwenye kitambaa, na tatu kati yake, namba 150, 163 na 180, ziliangukia upande uliopotea. Sufuri tatu kwa mfululizo ni rangi nyeusi, na ndiyo sababu ya weusi ule.

Ilikuwa rahisi kumwita mama na kumuuliza korosho zilikuwa za rangi gani. Sikutaka kuanzia hapo, kwa sababu kumbukumbu ya macho hubadilika na kitambaa hupauka, na swali la kwanza lilikuwa ni nini marehemu alikiona kwenye skrini yake. KOROSHO2 lilikuwa limeharibika katikati, lakini mkia wake ulikuwa salama. Tulililinganisha jedwali lake na mabaki ya jedwali la KOROSHO1. Rangi zote 142 zilifanana baiti kwa baiti, na hata ile rangi iliyokatwa ilikuwa na nyekundu na kijani kilekile. Mchoraji alikuwa na jedwali lake moja aliloliandaa mwenyewe na kulitumia katika michoro yote. Mafaili mengine 10 nayo yalithibitisha hivyo. Tulichukua baiti 340 za mkia wa KOROSHO2 tukazipandikiza kwenye nakala ya KOROSHO1. Korosho zikawa za rangi ya machungwa, na petali zikawa za kijani kilichokolea na kilichofifia.

Mistari 11 na kidogo

KOROSHO2 lilikuwa gumu zaidi, na hapa inafaa kueleza jinsi PCX inavyobana picha. Pikseli nyingi za rangi moja zikifuatana haziandikwi mojamoja. Baiti yenye thamani ya C0 au zaidi husomwa kama hesabu: ondoa C0, kinachobaki ni idadi, hadi 63, na baiti inayofuata ni namba ya rangi. Kwa hiyo DE 04 maana yake ni pikseli 30 za rangi namba 4. Mstari mzima wa pindo wenye rangi moja, pikseli 640, huandikwa FF 04 mara kumi, kisha CA 04, yaani 630 na 10. Baiti 22 zinabeba kazi ya 640. Ndiyo maana mchoro wa pikseli 307,200 ulitosha katika kama baiti elfu arobaini, na ndiyo maana pia sekta moja ikifa, kinachopotea si pikseli 512 bali maelfu.

Tulipolifungua KOROSHO2 kutoka kwenye sura mpya, nusu ya juu ilikuwa nzima. Kisha ulifuata mchirizi mweusi, na chini yake mchoro wote ulikuwa umehama kwenda juu na kushoto, pindo la kulia likiwa limeingia ndani pikseli 48, na kipande chembamba cha pindo la kushoto kikichungulia upande wa kulia kabisa. Mtu angeweza kudhani kuwa nusu nzima ya chini imeharibika. Haikuwa imeharibika. Kila pikseli ilikuwepo, ila ilikuwa imekaa mahali pasipo pake, kwa sababu sufuri 512 zilizojaza pengo zilisomwa kama pikseli 512 ilhali data halisi ya sekta ile ilibeba nyingi zaidi.

Idadi halisi inahesabika. Picha nzima lazima iwe na pikseli 307,200. Tulizopata kwa kufungua baiti nzima pekee zilikuwa 299,600. Zilizopotea ni 7,600, yaani mistari 11 kamili na pikseli 560 za mstari mwingine. Ilikuwa lazima kwanza kuhakikisha kuwa mpaka wa pengo haukukata jozi ya hesabu na rangi katikati. Baiti ya mwisho kabla ya pengo ilikuwa rangi iliyokwisha kupata hesabu yake, na baiti ya kwanza baada ya pengo ilikuwa FF. Kwa kuwa mchoro huu haukutumia rangi namba 255, FF ile haikuweza kuwa rangi. Ilikuwa hesabu, mwanzo safi wa jozi mpya. Tuliweka pikseli 7,600 za rangi isiyotumika kwingine mahali pa pengo, na nusu ya chini ikarudi mahali pake, pindo likinyooka kutoka juu hadi chini, na pikseli ya mwisho ikaangukia kwenye kona ya mwisho.

Likabaki pengo lenyewe. Mchoro wa kanga huwa na ulinganifu, na ningeweza kunakili mistari ya upande wa pili nikaigeuza. Lakini mkono wa mtu hauchori pande mbili sawa kabisa. Tulipolinganisha juu na chini katika sehemu nzima tuliona tofauti ndogo za pikseli mbili tatu, na tofauti hizo ni za mchoraji, hatuna ruhusa ya kuzifuta. Njia bora ilikuwa KOROSHO1. Kwa kuwa mafaili hayo mawili yalitokana na mistari ileile ikatiwa rangi tofauti, tuliandika programu fupi iliyolinganisha kila pikseli iliyo salama katika yote mawili. Kila rangi ya KOROSHO1 ilikutana na rangi moja tu ya KOROSHO2, isipokuwa namba 4, ambayo ilikuwa na mwenza mmoja katika pindo na mwingine katika mji. Mpaka wa pindo na mji unajulikana, kwa hiyo hata hilo halikuacha utata. Tulizitafsiri pikseli 7,600 za KOROSHO1 zilizo mahali pa pengo kwa jedwali hilo la wenza, tukalijaza. Faili la kwanza lilipata rangi zake kutoka kwa la pili, na la pili likapata mistari yake kutoka kwa la kwanza.

Kutoka skrini hadi kitambaa

Mama alirudi akiwa na doti ya kanga aliyoitoa sandukuni, mojawapo ya zile zilizochapwa enzi hizo. Tuliitandaza mezani pembeni ya skrini. Machungwa ya kitambaa yalikuwa yameelekea kahawia kwa kufuliwa, lakini ndani ya mkunjo wa pindo, mahali ambapo jua halikufika, rangi ilikaribiana na ile ya faili. Aliiweka kidole pale, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo yenyewe. Baba alikuwa hapendi korosho nyekundu."

Lilikuwapo jambo moja ambalo nilipaswa kumweleza bila kumficha. Kanga ina upana wa kama sentimita 150. Pikseli 640 zikitandazwa kwa upana huo, kila pikseli inakuwa mraba wa zaidi ya milimita mbili, na mpindo wa korosho ungetoka na ngazi kama za matofali. Faili la PCX lilituhifadhia rangi na mpangilio, ila halikuwa na mistari ya kuchapwa. Hapo ndipo tuliporudi kwenye yale mafaili mawili ya TIFF tuliyoyaweka kando. Moja lilikuwa skana ya penseli ya mchoro huohuo, robo moja ya kanga kwenye karatasi ya A4, kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2,480 kwa 3,508. Robo hiyo ikitandazwa kwenye robo ya kitambaa, kila pikseli inakuwa kama sehemu moja ya tano ya milimita, wembamba unaotosha kabisa kwa mfuatishaji wa mistari. Mchoraji wa kiwanda angefuata penseli ya marehemu kwa umbo, PCX kwa rangi, CDR kwa maneno, na kanga ya sandukuni kwa sura ya herufi.

Tulimkabidhi mama folda tatu kwenye flashi mbili. Ya kwanza ina sura za disketi kama zilivyosomwa, pamoja na sekta zake mbili zilizokufa. Ya pili ina mafaili yote 19 kwa majina yake ya asili, bila kurekebishwa. Ya tatu ina nakala za PNG na TIFF za kutumia kiwandani, pamoja na karatasi inayoeleza ni baiti zipi za KOROSHO1 zilipandikizwa na ni pikseli zipi za KOROSHO2 zilijazwa, ili atakayepata siku moja kifaa cha kuzisoma sekta zile aweze kulinganisha na kazi yetu. Disketi zilirudi kwenye bati lake, kila moja ndani ya mfuko mkavu, vitundu vya kuzuia kuandika vikiwa wazi.